Ulisema Mguu Ukandwe

Mungaa, Ikungi
4 Juni 2023

Mwanangu Janeth,

Pokea salamu za mama yako mkubwa na za nyumba nzima, ingawa nyumba nzima siku hizi ni mimi na kuku. Baridi imeanza, asubuhi maji hayashikiki. Alizeti tumevuna, lakini kidogo, mvua ilikata wakati maua yanafunguka. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mwalimu Marko aliyekufundisha darasa la nne amestaafu, ameniuliza habari zako. Nikamwambia uko Arusha, unafanya masaji kwenye hoteli ya wageni. Akauliza masaji ndiyo nini. Nikamwambia ni kukanda watu ambao hawajazaa. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Mimi sijacheka siku nyingi. Sasa niseme kilichonifanya ninunue bahasha.

Tangu tumzike mdogo wako Winfrida, tarehe kumi na tatu Mei, hakuna mwanamke aliyepiga hodi kwangu. Nimewakanda wazazi wa kijiji hiki miaka thelathini na moja. Hata hao wanaopita mbali na uzio wangu leo, wengi niliwashika kabla hawajakauka kitovu. Mke wa Gasto kajifungua wiki iliyopita, nyumba ya tatu kutoka hapa. Wamemfuata mkandaji wa kule Mtinko, wakamlipia gari mpaka huku. Nilimwona akishuka na beseni lake jipya. Aliniamkia vizuri tu, sina neno naye.

Wanasema mikono yangu ndiyo iliyomuua Winfrida. Mbele yangu hawasemi. Na maneno hayo hawakuyaokota barabarani, waliyapata kwako. Siku ya tatu ya msiba, watu wote wako chini ya turubai, ulisimama ukasema, "Mimi niliwaambia wampeleke hospitali." Ukakaa. Hosea, mume wa marehemu, akainamisha kichwa. Waliobaki wakanigeukia mimi, na hawajageuka mpaka leo.

Mwanangu, hivyo sivyo ulivyoandika. Siku ile aliyofariki, mchana, nilimwomba Hosea akuulize kwa simu yake juu ya mguu wa Winfrida, kwa sababu wewe umesomea. Jibu lako lilipoingia nilikuwa nachochea moto. Akanisomea, "Shemeji Janeth anasema mguu ukandwe." Nilisikia kwa masikio yangu mawili. Leo Hosea anasema kichwa kilimvurugika, hakumbuki alichosoma. Na simu yenyewe ilitumbukia kwenye ndoo siku ya mazishi, haiwaki tena.

Kwa hiyo umebaki wewe. Nakuomba kitu kimoja, sikuongezei cha pili. Andika kwa mkono wako maneno uliyoandika siku ile, yote kama yalivyokuwa, nikayasomeshe mbele ya ukoo wa Hosea. Usinipigie simu kwa majirani. Mambo ya simu yamenitosha. Barua mpe dereva wa basi la Singida, ataiacha dukani kwa Simeoni, yule katekista.

Mimi niliyekulea,
Mama yako mkubwa Kristina


Arusha
2 Julai 2023

Mama mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Sisi hatujambo. Baridi ya huku nayo si mchezo, Benson anavaa makoti mawili akienda kazini. Amepata kazi ya kuendesha gari la watalii, kwa hiyo wakati mwingine anakaa wiki nzima porini na mimi nabaki peke yangu. Namshukuru Mungu. Mwambie Mwalimu Marko namsalimia sana, na kwamba sijasahau fimbo zake za hesabu.

Nimekutumia kitenge na sabuni za kuogea, dereva atakupa. Kitenge ni kizito, kitakufaa kwa baridi.

Kuhusu lile uliloandika, mama mkubwa, mimi sioni kama kulirudia kutatusaidia. Winfrida hatarudi. Daktari alitueleza wote. Baada ya upasuaji wa uzazi, mtu akilala sana, damu inaweza kuganda ndani ya mshipa wa mguu. Mguu unavimba upande mmoja na unakuwa wa moto. Mguu wa namna hiyo haufai kusuguliwa, kwa sababu ile damu iliyoganda inachomoka na kupanda mpaka kwenye mapafu. Ndicho kilichotokea. Ni ugonjwa, siyo mtu. Nilichosema msibani sikukisema kwa nia ya kukuumiza. Nilikuwa na uchungu, na ni kweli nilisema hospitali.

Watu wataongea halafu watachoka, unawajua watu wa Mungaa. Pumzika kwa sasa. Tena serikali siku hizi haitaki habari za kukandana majumbani, labda hii ni nafasi ya wewe kupumzisha mikono. Umri nao umekwenda.

Vipi mtoto? Anaendeleaje?

Mwanao,
Janeth


Mungaa
16 Julai 2023

Janeth,

Marahaba. Mimi mzima. Kitenge na sabuni nimemrudishia dereva huyohuyo, usije ukadhani ameviiba.

Umejibu kila kitu isipokuwa nilichouliza. Nimeisoma barua yako mara nne nikitafuta, nikadhani labda karatasi moja imedondoka kwenye basi. Nikaenda mpaka dukani kwa Simeoni kumuuliza kama bahasha ilifika imefungwa. Akasema ilifika imefungwa.

Umenieleza habari ya damu kuganda vizuri sana, mpaka mimi mzee nimeelewa. Sasa mtu anayejua hayo yote, alipoulizwa juu ya mguu uliovimba upande mmoja na unawaka moto, aliandika nini? Swali ni hilo. Umri wangu achana nao.

Umeuliza mtoto. Wamembatiza Sara. Anakaa na mama yake Hosea, ananyweshwa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa maji. Nilikwenda kumwona, nikaambiwa amelala. Nikaenda tena, nikaambiwa amelala. Mara ya tatu nikamsikia analia ndani, na bibi yake amesimama mlangoni ananiambia amelala. Jumapili namwona kanisani mgongoni kwa watu, uso wote wa Winfrida, masikio yale yale. Wamesema nisimguse. Mimi niliyemlea mama yake tangu mama yenu alipofariki, tangu hajaota meno, nachungulia mtoto kwa pembeni kama mwizi wa kuku.

Andika yale maneno, Janeth.

Kristina


Arusha
3 Septemba 2023

Mama mkubwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, msimu wa wageni umekuwa mkubwa, narudi nyumbani nimechoka, miguu haikai kwenye viatu. Benson anakusalimia. Juzi tulipata mgeni mwenye asili ya Shelui, akanipa habari za huko, nikakumbuka nyumbani sana.

Naona umenikasirikia. Sikulaumu. Naapa mbele ya Mungu kwamba niliandika apelekwe hospitali. Sikusema uongo msibani.

Kuhusu hilo neno lingine, kama lilikuwepo, basi naomba ulielewe hivi. Huku tulivyofundishwa, kukanda ni kuloweka kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, kukikamua na kukiweka juu ya mahali panapouma. Unakiweka unakiacha. Mkono hausugui kabisa. Kusugua kwa mafuta ni kuchua, ni kazi nyingine. Kwa hiyo hata kama mtu angesema mguu ukandwe, maana yake ingekuwa kitambaa tu, apate nafuu wakati anasubiri gari. Kama kuna aliyeelewa vinginevyo, hilo siwezi kulibeba mimi.

Naumwa kidogo siku hizi, lakini siyo cha kutisha. Usiwe na wasiwasi.

Mwanao,
Janeth


Mungaa
20 Septemba 2023

Janeth,

Kwa hiyo lilikuwepo. Angalau tumefika hapo.

Nikuulize, nani alikufundisha neno kukanda? Ulikuwa na miaka tisa unanishikia beseni. Ulikuwa unajua maji yakifika moto gani uniletee. Kwa mke wa mzee Gaspari wewe ndiye uliyepasha samli. Ulikuwa unawatajia wenzako shuleni, nilikusikia mwenyewe nyuma ya nyumba: kwanza taulo la moto, halafu samli, halafu mikono kuanzia nyayo kupanda juu, kiuno, tumbo, mwisho kufunga tumbo kwa kanga. Ukawaambia, "Hiyo ndiyo kukanda." Hukuwaambia kitambaa unakiweka unakiacha.

Hapa Mungaa mtu akisema fulani anakandwa, hata mtoto mdogo anajua kinachoendelea. Na wewe ulijua unamjibu nani. Hukuwa unamjibu mwalimu wako wa Arusha. Ulikuwa unamjibu Kristina, ambaye neno hilo ulilitoa mdomoni mwake. Wenzako wa hotelini walikupa neno masaji. Ulipotaka kuandika nyumbani ukachukua la kwangu, ukatia maana yao ndani, ukanitumia. Halafu likaua, na sasa unasema huwezi kulibeba.

Nimeitwa na mtendaji wa kijiji, akanisomea karatasi kwamba nisimguse tena mzazi wala mjamzito. Nikaweka dole gumba, ingawa naweza kuandika jina langu. Sikutaka jina langu liwe pale.

Unaumwa nini? Hukusema. Unatupa jambo kwenye barua kisha unalikimbia, ndiyo tabia uliyoanza nayo sasa.

Kristina


Mungaa
29 Oktoba 2023

Janeth,

Siku thelathini na tisa hujajibu. Simeoni akiniona tu nakuja anatikisa kichwa kabla sijafika dukani. Mawingu yameanza kukaa upande wa Mtinko. Watu wanaandaa mashamba. Mimi mwaka huu nimekodisha langu, sina nguvu ya kulima, na wale waliokuwa wanakuja kunilimia baada ya kuwakandia wake zao hawaji.

Sina la zaidi. Uliniambia unaumwa.

Kristina


Arusha
26 Novemba 2023

Mama mkubwa,

Shikamoo.

Nina ujauzito wa miezi mitano. Ndiyo huo ugonjwa niliosema. Sikutaka kukuambia kwa sababu nilijua utauliza nani ananiangalia, na jibu ni kwamba hakuna. Mgongo unaniuma kuanzia asubuhi. Wenzangu kazini wote ni wa kazi hii, wananiambia lala hapa tukuguse kidogo, tunajua pa kugusa na pa kuacha. Nikilala, mkono wa mtu ukifika tu kwenye mguu wangu, naruka. Wiki iliyopita nililia mbele ya mgeni. Msimamizi akanirudisha nyumbani.

Nimeandika karatasi mbili. Hii ni yako. Ile nyingine, iliyokunjwa peke yake, ni ya kusomwa kwa ukoo wa Hosea. Yaliyomo ni haya haya, ila yako ni marefu zaidi.

Siku ile nilikuwa kazini. Mgeni alikuwa amelala kifudifudi na mimi mikono ina mafuta mpaka kwenye viwiko. Simu ikalia. Hosea aliandika hivi, nakumbuka kila herufi: "Shemeji mguu wa kushoto wa Winfrida umevimba tangu juzi unawaka moto hawezi kukanyaga. Mama mkubwa anauliza afanyeje."

Nilijua, mama mkubwa. Nilijua nilipofika kwenye neno "kushoto". Somo hilo tulifundishwa wiki ya kwanza, kabla hawajaturuhusu kushika chupa ya mafuta. Mguu mmoja ukivimba na kuwa wa moto, usiguse, mtu aende hospitali saa hiyohiyo.

Lakini ningeandika usiguswe, wewe usingekubali kwa ujumbe. Ungetaka nipige simu. Ungeniuliza tangu lini mimi nakufundisha wewe kazi. Ungeniambia ulinionyesha mguu wa mzazi kabla sijajua kufunga viatu vyangu. Na mgeni alikuwa ameinua kichwa ananiangalia. Nikataka kuandika kitu ambacho hakitakukasirisha. Nikafuta kidole kimoja kwenye taulo, nikaandika: "Mguu ukandwe apate nafuu. Kesho apelekwe hospitali."

Niliandika kesho. Msibani nilisema hospitali na nikaliacha neno kesho. Na neno ukandwe nililiacha pia. Niliposimama nilikuwa nimepanga kusema yote, lakini nilipoona watu wananitazama kwa kunihurumia, mimi dada wa marehemu niliyesomea, nikakaa.

Halafu ile habari ya kitambaa. Ni uongo. Kazini tunafundishwa hivyo kweli, lakini mimi sikuwa nafikiria kitambaa. Sikuwa nafikiria kitu. Nilikuwa nataka simu inyamaze.

Karatasi ile mpe Simeoni aisome. Nimeweka sahihi. Hosea akinichukia ana haki.

Mwezi wa tatu nitajifungua. Benson anasema atamwomba mama yake aje kutoka kwao. Mimi nimekataa. Najua sina uso wa kukuomba, ila naomba. Arobaini zangu nikae na wewe. Uje, au nije mimi huko, utakavyosema.

Mwanao,
Janeth


Mungaa
17 Desemba 2023

Mwanangu Janeth,

Marahaba, mwanangu. Mvua imeshika, barabara ya kutokea Singida ina matope, ndiyo maana barua yako imekaa dukani siku sita. Ndama sasa mkubwa. Nimefurahi kwa habari ya ujauzito. Kunywa maji, usibebe ndoo, ulalie ubavu wa kushoto, na kliniki usikose hata mara moja. Wakikupa vidonge vya damu, meza hata kama vinakuchafua tumbo.

Karatasi yako imesomwa. Jumapili iliyopita baada ya ibada tulikwenda nyumbani kwa Hosea, mimi na Simeoni, na wazee wanne wa ukoo wao. Simeoni akaisoma kwa sauti ya kanisani, mpaka mwisho, pamoja na jina lako. Hosea alilia. Akasema sasa anakumbuka, hata lile neno kesho anakumbuka, na kwamba alifurahi kuliona kwa sababu siku ile gari lilikuwa la kutafuta. Mzee wao mkubwa akasema, basi, mama huyu alitumwa, mtu aliyetumwa hana kosa. Mama yake Hosea akaingia ndani akatoka na Sara, akaniwekea mapajani. Ana meno mawili. Alinishika kidole akakitia mdomoni.

Kwa hiyo nimepata nilichokuomba, chote, na sikudai kingine. Jumatatu yake mke wa jirani yetu Luqmani alinitumia mtu kuuliza kama nitamkanda akijifungua, hata kwa kificho, mtendaji asijue. Wanakutaja wewe sasa. Wanasema ni yule msomi wa Arusha. Nasikia na ninanyamaza.

Sasa nikwambie, na hii usimsomee mtu, hata Benson.

Ulipoandika ukandwe, nilikanda. Nilianza na nyayo kama siku zote. Nilipofika chini ya goti Winfrida akasema, "Mama mkubwa, basi." Nikamwambia wazazi wote husema hivyo. Nikaendelea. Akasema, "Niache, nakuomba." Nikamwambia uchungu wa kuzaa ameukwepa kwa kupasuliwa, huu mdogo nao anashindwa. Nilimwambia hivyo, Janeth, maneno hayo. Mara ya tatu alijaribu kuuvuta mguu. Nikaubana kwa goti langu, nikatia mafuta tena, nikasugua kwa nguvu zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeudhika. Alinyamaza. Nilidhani amesikia nafuu. Akakohoa mara mbili, akasema hapati hewa, na nikawa bado naushika mguu.

Hilo hukuliandika wewe. Hata kama ungeandika ukandwe mara mia, hukuandika abanwe na goti.

Miaka thelathini na moja wanawake wananiambia niache, na mimi naendelea, na wakishapona wanakuja na kuku kunishukuru. Nilidhani ndivyo kazi ilivyo. Miezi yote hii nilikuwa nakudai wewe neno lako ili nisilifikirie la Winfrida. Nilisema moyoni, Janeth akikiri tu, nitalala. Umekiri. Silali.

Pale kwa Hosea ningeweza kusema. Simeoni alipokunja karatasi kulikuwa kimya, nafasi ilikuwepo. Lakini mtoto alikuwa mapajani mwangu, na nilijua nikifungua mdomo watamchukua. Nikakaa, kama wewe ulivyokaa.

Kuhusu arobaini zako, nimekusikia. Sitakuja, na wewe usije. Ukijifungua, tafuta mtu ambaye ukimwambia niache, anaacha.

Kristina